Asilimia 30 ya nini? Njia nne za kupunguza nishati katika kiwanda cha saruji, zikipimwa kwa mizani moja

Kiwanda cha saruji kina midomo miwili ya kulia nishati. Wa kwanza ni tanuri. Mawe ya chokaa na udongo hupashwa hadi nyuzi 1,450 za Selsiasi, yakageuka klinka, zile punje ngumu za kijivu cheusi ambazo baadaye husagwa pamoja na jasi. Wa pili ni umeme: wa kusaga mawe, wa kusaga makaa, wa kuzungusha feni, na zaidi ya yote wa kuisaga klinka yenyewe iwe unga. Tanuri la kisasa lenye mnara wa kupashia malighafi hula gigajuli 3 hadi 3.5 kwa kila tani ya klinka. Lile la zamani linalolishwa tope badala ya unga mkavu hula 5, hata 6. Umeme nao, kwa kiwanda kilichokamilika tangu machimboni hadi kwenye mifuko, huwa kati ya uniti 90 na 110 kwa tani ya saruji, na zaidi ya nusu yake huishia vinuni.

Sasa fikiria meneja aliyepewa bajeti moja na mapendekezo manne. Muuza inveta, vifaa vya kupunguza kasi ya mota za feni, anasema atapunguza asilimia 30. Muuza vinu vya wima anasema asilimia 30. Anayejenga mitambo ya kuzalisha umeme kwa joto la tanuri anasema asilimia 30. Mtaalamu wa maabara naye anasema weka pozolana, yaani majivu na mawe ya volkano, asilimia 30. Wote wanne wanaweza kuwa wanasema kweli tupu, na bado ukakosea ukichagua kwa kusikiliza namba hiyo. Wa kwanza anazungumzia feni yake, wa pili kinu chake, wa tatu umeme wa kiwanda kizima, wa nne kilichomo ndani ya mfuko. Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya meneja huyo, na kwa mhandisi kijana atakayetumwa kumwandalia ripoti.

Vipimo nitakavyotumia

Kila njia nitaiuliza maswali manne. Inaokoa nini, umeme au joto, na ni kiasi gani ukikihesabu kwa kiwanda kizima badala ya kwa mashine moja? Mtaji wake ni mkubwa kiasi gani, na uzalishaji utasimama kwa muda gani? Inahitaji matunzo na ujuzi wa aina gani ili iendelee kuokoa mwaka wa tano kama ilivyookoa mwaka wa kwanza? Na inamfaa nani?

Ili hesabu zifanane, nachukua kiwanda kimoja cha mfano. Kinazalisha tani 3,000 za klinka kwa siku, kinafanya kazi siku 310 kwa mwaka, kwa hiyo kinapata tani 930,000 za klinka. Saruji yake ina klinka asilimia 80, yaani kinauza takribani tani milioni 1.16 za saruji, kwa umeme wa uniti 100 kwa tani. Jumla ni uniti milioni 116 kwa mwaka. Namba zako zitatofautiana. Badilisha tarakimu, njia ya kuhesabu ibaki ile ile.

Kabla ya hapo, jambo moja halina mjadala: mita. Kiwanda chenye mita moja tu getini hakijui kinu kinakula ngapi na feni inakula ngapi, na kitanunua kwa kukisia. Nchini Kenya Kanuni za Usimamizi wa Nishati za mwaka 2012 ziliwabana wanaotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka wafanye ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka mitatu na kutekeleza sehemu ya mapendekezo yake. Kiwanda chochote cha saruji kimevuka kiwango hicho mara nyingi mno. Lakini ukaguzi ni picha ya siku chache. Mita ndogo kwenye kila sehemu hukupa mwaka mzima, masika na kiangazi.

Njia ya kwanza: inveta kwenye feni, na kuziba matundu

*Inachookoa.* Feni kubwa za tanuri na vinu mara nyingi hununuliwa zikiwa kubwa kuliko hitaji, halafu hewa ikapunguzwa kwa dampa, kile kibamba kinachozuia njia. Ni kama kukanyaga mafuta na breki kwa pamoja. Inveta hupunguza kasi ya mota yenyewe. Nguvu inayotakiwa na feni hushuka kwa mchemraba wa kasi: ukiizungusha kwa asilimia 90 ya kasi yake, inahitaji takribani asilimia 73 ya nguvu, kwa asilimia 80, inahitaji asilimia 51 tu. Inveta yenyewe hupoteza asilimia chache kama joto, na inapaswa kuondolewa katika hesabu.

Kwenye kiwanda cha mfano, tuseme feni zinazobanwa na dampa zina jumla ya kilowati 2,000, nawe ukaokoa asilimia 30 kweli kweli. Hizo ni kilowati 600, kwa saa 7,440 za mwaka, yaani uniti milioni 4.5 hivi. Ni fedha nyingi. Ila ni asilimia 4 tu ya umeme wa kiwanda, wala si 30.

Ndani ya njia hii naweka pia kazi zisizo na sifa: kuziba hewa inayopenya kwenye milango ya mnara na kwenye maungio ya tanuri, na kuziba mivujo ya hewa ya kompresa. Tundu la milimita 3 kwenye bomba lenye shinikizo la bar 7 hula kilowati 3 hadi 4 usiku na mchana, likiwa halizalishi chochote ila mlio. Hewa baridi inayopenya mnarani ina madhara mawili: inaipa feni kazi ya bure, na inalipora tanuri joto. Nimepita viwandani na kuona shimo la mkono mzima kwenye mlango wa ukaguzi, limezibwa kwa gunia, na ofisini wanajadili mtambo wa mamilioni ya dola.

*Mtaji na kusimama kwa kazi.* Ndio mdogo kuliko wote. Inveta za mota kubwa za msongo wa kati si za bei nafuu, lakini hufungwa moja moja, na nyaya huunganishwa wakati tanuri limesimamishwa kubadilishiwa matofali yake ya ndani. Hakuna siku ya uzalishaji inayopotea ukipanga vizuri. Kuziba mivujo ni mshahara wa mafundi wako na gasketi.

*Matunzo.* Hapa ndipo wengi huumia. Inveta haipendi vumbi wala joto, navyo ndivyo vilivyojaa kiwanda cha saruji. Inataka chumba kilichofungwa, chenye kiyoyozi kinachofanya kazi. Mota za zamani zinaweza kuharibika beringi kwa mikondo midogo ya umeme inayoletwa na inveta, hivyo beringi zenye kinga huwa ni lazima. Na mivujo hurudi. Ukiziba mwaka huu usipoweka mtu wa kuikagua kila mwezi, mwaka ujao utaanza upya.

*Inamfaa nani.* Karibu kila mtu, lakini kwa kiwango chake. Isifungwe kwenye mashine inayotakiwa kuzunguka kwa kasi ile ile muda wote. Huko inaongeza upotevu badala ya kuuondoa.

Njia ya pili: kinu cha wima badala ya kinu cha mipira

*Inachookoa.* Kinu cha mipira ni pipa kubwa la chuma linalozunguka likiwa na mipira ya chuma ndani. Mipira hupanda na kuporomoka, ikiponda klinka. Ni mashine ya kutegemewa, ila sehemu ndogo sana ya umeme wake ndiyo inayovunja punje. Nyingine yote hugeuka joto na kelele. Kusaga saruji kwa njia hii hula uniti 30 hadi 40 na ushee kwa tani, kutegemea ulaini unaotakiwa. Kinu cha wima hukandamiza tabaka la klinka kati ya meza inayozunguka na roli zake, na hushusha matumizi hayo kwa karibu theluthi.

Kwa kiwanda cha mfano, kuokoa uniti 10 kwa tani ni uniti milioni 11.6 kwa mwaka, asilimia 10 ya umeme wote. Ukinunua kingine kwa ajili ya mawe ghafi, faida inaongezeka.

Kuna jambo ambalo halikai kwenye vipeperushi. Lile joto ambalo kinu cha mipira "kinalipoteza" lilikuwa likikausha unyevu wa jasi na pozolana. Kinu cha wima hakizalishi joto la kutosha, hivyo kinahitaji kuletewa gesi moto. Ukiwa na tanuri jirani, gesi hiyo unayo. Ukiwa ni kituo cha kusaga tu, kinacholetewa klinka kwa meli au lori, utalazimika kujenga jiko la kuchoma mafuta, gesi au makaa. Basi umeme umeuokoa, na sehemu ya faida imerudi kununua kuni za jiko hilo. Kokotoa zote mbili.

*Mtaji na kusimama kwa kazi.* Ni mkubwa. Msingi wake wa zege peke yake ni mradi. Kwa kuwa kinu kipya hujengwa pembeni ya kile cha zamani, uzalishaji hausimami muda mrefu. Shida ni nafasi, na viwanda vingi vya zamani havina nafasi.

Kwa asiye na mtaji huo kuna njia za kati: kubadilisha kitenganishi cha zamani, kile kinachotenga unga laini na punje, kwa kile cha kizazi kipya, kupanga upya ukubwa wa mipira, kuweka roli za kupondaponda klinka kabla haijaingia kwenye kinu, na kutumia dawa za kusaidia kusaga, ambazo hutiwa gramu mia chache tu kwa tani. Mimi ningependa kila mwenye kinu cha mipira amalize orodha hiyo kabla ya kuomba bei ya kinu kipya. Mara nyingi tatizo ni mipira iliyochakaa ambayo haijachambuliwa kwa miaka.

*Matunzo.* Roli na meza huliwa, na lazima zijazwe kwa kuchomelewa chuma kigumu na mafundi waliobobea. Giaboksi yake ni moyo: ikifa na huna ya akiba, unasubiri meli. Kinu hiki pia hutikisika tabaka la unga likivurugika, kwa hiyo waendeshaji wa chumba cha udhibiti wanahitaji kufundishwa upya. Kinu cha mipira humvumilia mwendeshaji mchanga. Cha wima hakivumilii.

*Inamfaa nani.* Anayejenga kiwanda kipya au anayeongeza uwezo. Kwa aliye na kinu cha mipira kizima, na soko lisilokua, umeme unaookolewa pekee huchukua miaka mingi kulipa chuma chote hicho.

Njia ya tatu: umeme kutokana na joto linalopotea

*Inachookoa.* Gesi zinazotoka juu ya mnara wa kupashia zina nyuzi 300 hadi 380 hivi, na hewa inayotoka kwenye kipozeo cha klinka ina nyuzi mia mbili na kitu hadi 300. Ukizipitisha kwenye boila, unapata mvuke. Mvuke unazungusha tabini. Tabini inazungusha jenereta. Mitambo ya aina hii ilikua Japani, na mwaka 1998 ikafungwa ya kwanza China katika kiwanda cha Ningguo, mkoa wa Anhui. Baada ya hapo China ikaifanya kuwa kitu cha kawaida.

Matarajio ya kweli ni uniti 20 hadi 45 kwa tani ya klinka. Tuchukue 30. Kwenye kiwanda cha mfano ni uniti 90,000 kwa siku, sawa na mtambo wa megawati 3.75. Ukiondoa umeme unaotumiwa na pampu na feni za mtambo wenyewe, unabaki na uniti milioni 25 au 26 kwa mwaka, zaidi kidogo ya asilimia 20 ya mahitaji. Hii ndiyo njia pekee kati ya nne inayoikaribia asilimia 30 ya umeme wa kiwanda kizima, na huifikia hasa pale tanuri lenyewe linapotoa gesi moto kuliko kawaida.

Hilo lisikupite hivi hivi. Mtambo huu hustawi kwa upotevu. Mnara wenye ngazi nne hutoa gesi moto kuliko wenye ngazi sita, kwa sababu ule wa sita umeshatumia joto hilo kupasha malighafi. Anayetaka kuongeza ngazi za mnara na hapo hapo kufunga mtambo wa mvuke anauza ng'ombe mmoja mara mbili. Na kuna unyevu. Gesi hizo hizo ndizo zinazokausha mawe kwenye kinu cha malighafi. Viwanda vya mwambao kama Wazo Hill jijini Dar es Salaam na Bamburi mjini Mombasa vilijengwa juu ya mawe ya matumbawe, mawe yenye vinyweleo yanayonyonya maji, na masika huko si mchezo. Kwa machimbo ya namna hiyo, joto linalobaki kwa boila mwezi wa Aprili si lile ulilolipima Januari. Anayekuletea mahesabu mwulize alipima mwezi gani.

*Mtaji na kusimama kwa kazi.* Mkubwa kuliko zote nne. Kwa bei za miaka ya karibuni, mitambo mikubwa ya Asia imegharimu karibu dola 2,000 kwa kila kilowati, na mitambo midogo, hasa ile isiyotumia maji bali kimiminika kinachochemka mapema, imefika dola 7,000. Mtambo wetu wa megawati 3.75 ungeanzia dola milioni 7.5 kwa bei ya chini kabisa, na kwa ukubwa huo usitegemee bei ya chini. Ukiweka dola 4,000 kwa kilowati, ni milioni 15. Uniti milioni 25 kwa senti 10 za Marekani ni dola milioni 2.5 kwa mwaka: miaka sita. Kwa senti 15, miaka minne. Kwa hiyo swali la mtambo huu ni bei yako ya umeme kwa miaka 10 ijayo kabla ya kuwa swali la uhandisi. Ujenzi huchukua mwaka hadi miwili, lakini tanuri huendelea. Linasimama siku chache tu za kuunganisha mabomba.

*Matunzo.* Umeingiza kituo cha kuzalisha umeme ndani ya kiwanda cha saruji, na hizo ni fani mbili. Unahitaji watu wa boila wenye vyeti, mtambo wa kusafisha maji, na maji yenyewe. Sehemu kavu hutumia vipoza vya hewa, vinavyopunguza mavuno kidogo. Vumbi la mnara hugandamana kwenye mirija ya boila na lazima ligongwe litoke. Na tanuri likisimama, mtambo nao unasimama, hivyo huwezi kuuita jenereta ya dharura. Gridi ikikatika, vyote viwili vinaweza kuanguka kwa pamoja.

*Inamfaa nani.* Mwenye tanuri kubwa linalofanya kazi bila kukatizwa, mawe makavu, umeme ghali, na mkopo wa muda mrefu. Kituo cha kusaga hakina tanuri, hivyo hakihusiki kabisa.

Njia ya nne: klinka pungufu ndani ya mfuko

*Inachookoa.* Njia tatu zilizotangulia zinahangaika na umeme. Hii inagusa mdomo ule mkubwa, wa tanuri. Kila kilo ya klinka usiyoitia ni kilo ambayo hukuichoma, hukuisaga ikiwa jiwe, na hukuipulizia feni. Badala yake unaweka pozolana, ambayo Bonde la Ufa limetujalia. Au mawe ya chokaa mabichi. Au udongo wa mfinyanzi uliochomwa.

Shusha klinka ya kiwanda cha mfano kutoka asilimia 80 hadi 65. Kila tani ya saruji imepunguza kilo 150 za klinka. Kwa gigajuli 3.5 kwa tani, hizo ni megajuli 525, sawa na kilo 21 za makaa ya mawe mazuri. Kwa tani milioni 1.16, ni zaidi ya tani 24,000 za makaa kwa mwaka. Kwa anayesafirisha makaa kwa lori kutoka Ruvuma hadi pwani, hesabu hiyo anaijua kwa idadi ya malori. Juu yake kuna umeme wa kutengeneza ile klinka, uniti 9 hivi kwa tani ya saruji, ambao baadhi yake utarudi kukausha na kusaga pozolana. Na hewa ukaa: jiwe la chokaa lenyewe huitoa likichomwa, zaidi ya nusu tani kwa kila tani ya klinka, hata kama moto wako ungekuwa wa jua. Hakuna inveta wala boila inayoligusa hilo.

Ipo faida nyingine inayowavutia wenye mali kuliko mazingira. Kwa klinka ile ile tani 930,000, kwa asilimia 65 unapata tani milioni 1.43 za saruji. Kama soko lipo, umeongeza karibu robo ya uwezo bila kujenga tanuri la pili.

*Mtaji na kusimama kwa kazi.* Kwa pozolana ni mdogo: ghala, kikaushio, mizani ya kulishia, na leseni ya machimbo. Kwa udongo uliochomwa ni zaidi, kwa sababu unahitaji tanuri lake la nyuzi 700 hadi 850, joto dogo ukilinganisha na 1,450. Mchanganyiko unaosomwa sana, uliotokana na ushirikiano wa wataalamu wa Uswisi, Cuba na India, una klinka asilimia 50, udongo uliochomwa 30, chokaa 15 na jasi 5. Tema, nchini Ghana, tayari wanachoma udongo kwa ajili ya saruji.

*Matunzo.* Kipuri kikuu hapa ni maabara. Pozolana ya machimbo haya si ya machimbo yale, na ya juu ya kilima si ya chini yake. Saruji yenye pozolana hupata nguvu polepole siku za mwanzo, ingawa baadaye hufika na huvumilia chumvi ya pwani vizuri. Fundi wa matofali anayetaka kuyanyanyua kesho yake asubuhi hatakungoja hadi siku ya 28. Atanunua mfuko wa jirani yako. Unaweza kuisaga laini zaidi ili iwahi kushika, lakini hapo umeme wa kinu unapanda. Udongo uliochomwa huongeza kiu ya maji kwenye zege, na ukiwa na chuma nyingi hutoka mwekundu, na mnunuzi wa kwetu anaiamini saruji ya kijivu. Rangi hiyo inadhibitika kwa namna unavyoupoza, nayo ni kazi ya kujifunza.

Tena usivuke kiwango. Kwa alama za kiwango zinazoandikwa kwenye mfuko, saruji ya aina ya CEM II/B-P inaruhusu pozolana asilimia 21 hadi 35. CEM IV/B, 36 hadi 55. Kilichoandikwa kwenye mfuko ndicho kiwemo. Nyumba ya mtu ikipasuka, hakuna tani ya makaa itakayolipa.

*Inamfaa nani.* Mwenye machimbo ya pozolana au udongo karibu, maabara inayoheshimiwa kiwandani kiasi cha kuweza kusimamisha upakiaji, na watu wa mauzo walio tayari kukaa na mafundi mitaani wakieleza saruji ipi ni ya nguzo na ipi ni ya lipu. Anayeuza zaidi kwa wajenzi wa madaraja na zege la kuagiza ana nafasi ndogo.

(Kuhusu makapi ya kahawa, pumba za mpunga na matairi: kiwanda cha saruji cha Hima huko Uganda kimechoma makapi ya kahawa kwa miaka. Inapunguza bili ya mafuta na hewa ukaa, na naiunga mkono. Lakini tanuri halili joto pungufu kwa sababu ya pumba; zikiwa na unyevu linakula zaidi. Kwa hiyo sikuiweka kwenye mizani hii.)

Moja inavyoigusa nyingine

Kosa la gharama kubwa ni kuzichagua kana kwamba kila moja inasimama peke yake. Ukifunga mtambo wa mvuke wa ukubwa wa tanuri linalofanya kazi siku 310, kisha miaka miwili baadaye ukapunguza klinka na soko likawa halijakua, tanuri litapumzika siku nyingi, na mtambo uliokopewa dola milioni 15 utapumzika nalo. Kwa hiyo amua kwanza utahitaji klinka kiasi gani miaka 10 ijayo, ndipo upime boila.

Kinu nacho kinategemea utasaga nini. Kinu cha wima hukausha pozolana yenye unyevu ndani yake chenyewe, jambo linaloweza kukuondolea kikaushio. Ukinunua kinu leo kwa ajili ya klinka kavu, na kesho ukaleta pozolana ya masika, utagundua kuwa gesi moto haitoshi. Na gesi hiyo ndiyo ambayo boila nayo inaidai. Chora mchoro mmoja wa gesi moto zote za kiwanda, nani anachukua kiasi gani na kwa nyuzi ngapi, kabla ya kusaini chochote.

Inveta ipimwe mwisho wa kuziba matundu. Ukishaziba hewa inayopenya, feni inahitaji kasi ndogo zaidi, na pengine inveta ndogo zaidi.

Kulingana na hali yako

Kama una kituo cha kusaga tu, mvuke usiuwazie. Anza na kinu ulichonacho: mipira, kitenganishi, dawa ya kusagia, kisha pozolana. Kama uko Kenya, bei nafuu ya saa za usiku iliyoanzishwa Desemba 2017 kwa wateja wakubwa itakupa nafuu kwa kuhamishia usagaji usiku, iwapo maghala yako yana nafasi na unatimiza masharti yake. Haipunguzi uniti, inapunguza ankara.

Kama una tanuri kubwa linalokimbia bila kusimama, umeme wako ni ghali na mawe ni makavu, tafuta upembuzi wa mtambo wa mvuke, ila upimwe msimu wa mvua na wa kiangazi, na uhesabiwe kwa klinka ya baadaye.

Kama tanuri lako husimama mara kwa mara, weka kando njia zote nne kwa mwaka mmoja ushughulikie kusimama huko. Kila kuwasha upya huteketeza mafuta bila kutoa klinka hadi joto lifikie kiwango, na hakuna mtambo hapo juu unaolipa ukiwa umezimwa.

Kama mafuta ndiyo yanayokuumiza kuliko umeme, yaani unaagiza makaa kutoka mbali au kwa fedha za kigeni, njia ya nne inatangulia. Walio kwenye bomba la gesi ya Songo Songo, kama Wazo Hill, huenda wakapata jibu tofauti na jirani yao anayeleta makaa kwa barabara, ingawa mawe yao ni yale yale.

Kama unajenga upya kabisa, kinu cha wima na mnara wenye ngazi nyingi ndivyo vya kuanzia, na acha nafasi ya boila kwenye mchoro hata kama huijengi sasa.

Na kama bajeti ni ndogo na bodi inataka matokeo ndani ya mwaka wa fedha, funga mita ndogo, ziba matundu ya mnara na ya kompresa, kisha weka inveta kwenye feni moja, ile ambayo dampa yake imefunguliwa nusu tangu kiwanda kizinduliwe. Peleka usomaji wa mita wa kabla na wa baada kwenye kikao. Ukiwa na karatasi hiyo mkononi utaombwa kuleta pendekezo la pili.